Ruhusa ya Kuezua Paa

Mjomba wangu ni ofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Likizo yake ya mwaka jana, siku zote 28, aliimaliza akisoma kozi ya mtandaoni ya uongozi na usimamizi kwa maofisa wa zimamoto. Kozi ilitoka nje ya nchi, ilikuwa ya Kiingereza, na ilikuwa na masomo matano, kila somo na video zake, maswali yake na kazi yake ya kuandika. Aliisomea Tongoni, nyumbani kwa bibi, kwenye simu yenye ufa kiooni na kwa vifurushi alivyojinunulia mwenyewe.

Mimi nilikuwepo kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimemaliza madarasa ya shahada ya umahiri katika utawala wa umma, nimerudi nyumbani kuandika tasnifu. Siku ya pili tu mjomba akaniita barazani.

"Wewe si ndiye unayesomea uongozi? Njoo unisaidie. Kiingereza chao nakisoma, nakielewa, lakini hakikai."

Nilijua anachosema. Mjomba anaongoza watu kwa Kiswahili. Amri anazozitoa ndani ya moshi ni za Kiswahili, na nyingi ni za neno moja. Jambo likija kwa Kiingereza ni lazima alihamishe, alijaribu mdomoni, aone kama linaweza kupigiwa kelele likaeleweka. Kazi yangu ikawa hiyo: kusoma, kutafsiri, kumsikia akijaribu.

Bibi alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. "Uongozi wa kusomea kwenye simu," alisema. "Haya. Na moto nao utakuja kwenye simu?"

Mjomba alicheka tu. Kwa mama yake hana cheo.

Kwa asiyepajua, Tongoni ni kijiji cha pwani, karibu kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga ukishika barabara ya Pangani. Wageni huja kuona magofu: msikiti wa mawe na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Jina lenyewe linatokana na tongo, yaani mahame. Sisi tunaishi kando ya mahame hayo, kwenye nyumba za udongo na za matofali, nyingine za bati, nyingine za makuti. Ukipiga 114 moto ukiwaka, na gari likaondoka mjini saa hiyo hiyo, likaja kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kusimama popote, ni dakika 20. Paa la makuti wakati wa kaskazi halingoji dakika 20.

Kuna utani ambao kila Mtanzania anaujua, wa gari la zimamoto linalofika bila maji. Mjomba ameusikia harusini, msibani na kwa kinyozi. Katika somo la kwanza, lililohusu tofauti ya kusimamia na kuongoza, aliniandikia hesabu pembeni ya daftari. Chukua gari lenye tangi la lita 2,000. Fungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika. Dakika nne, limekwisha. Kama jirani hapana haidranti wala kisima gari linachoweza kukifikia, dereva anaondoka kwenda kuchota. Anayefika wakati huo, akaliona gari likiondoka na nyumba bado inawaka, ana haki ya kusema lilikuja tupu.

"Kuyapanga yale maji ni usimamizi," mjomba alisema. "Kumfanya yule mtu asinirushie jiwe wakati gari limekwenda kuchota, huo sasa sijui unaitwaje."

Tuliandika: uongozi.

Somo la pili lilikuwa la historia. Mwaka 1970 jimbo la California nchini Marekani liliungua kwa siku 13. Watu 16 walikufa na majengo 700 yakateketea. Waliochunguza baadaye waligundua kwamba tatizo halikuwa uchache wa magari peke yake. Vikosi vya idara mbalimbali vilikuwa vikifika mahali pamoja, kila kimoja na mkuu wake, redio zake na majina yake ya vitu. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa kuongoza matukio ambao leo unafundishwa katika nchi nyingi. Kanuni zake si ngumu. Tukio lina mkuu mmoja. Kila mtu anaripoti kwa mtu mmoja. Kiongozi mmoja ashike watu kati ya watatu na saba, na watano ndiyo idadi nzuri. Zungumzeni lugha ya kawaida, si misimbo ya idara.

"Hili kila nahodha wa jahazi analijua," mjomba alisema. Hata hivyo alilipenda. Aliniambia kwamba jambo unalolijua tangu zamani, ukilikuta limeandikwa, unaweza kulidai kwa mwenzako bila kuonekana unaleta kiburi.

Niseme hapa kwamba kozi ile haikuwa mbaya. Wanafunzi wenzangu wengi wakisikia mafunzo ya mtandaoni hufikiria cheti cha kubandika kwenye wasifu. Lakini nchi yetu ni kubwa, maofisa wametawanyika mikoani, na si kila mmoja anaweza kuacha zamu yake kila mara akarudi Chogo, Handeni, kwenye chuo cha Jeshi. Simu inamfikia mtu alipo. Mjomba alikutana na visa ambavyo asingevipata kwa njia nyingine. Kimojawapo kilimnyamazisha siku nzima.

Kilikuwa katika somo la tatu. Mann Gulch ni bonde huko Montana, Marekani. Tarehe 5 Agosti 1949 wazimamoto 15 walishuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege kwenda kuzima moto wa msituni, wakaungana na mwenzao mmoja aliyekuwa tayari ameanza kuukabili. Kiongozi wao aliitwa Wagner Dodge. Moto uliruka ng'ambo ya bonde, ukawageukia, ukaanza kupanda mlima kwa kasi inayoshinda miguu yao. Dodge akaamuru watupe zana. Kisha, moto ukiwa karibu kabisa kuwafikia, akawasha kiberiti na kuchoma nyasi zilizokuwa mbele yake. Nyasi zilipoungua akaingia kwenye majivu, akalala kifudifudi, akawaita wenzake waingie. Hakuna aliyeingia. Watu 13 walikufa. Dodge alipona mle majivuni, kwa sababu moto mkubwa ulipofika haukukuta cha kula. Vijana wawili walipona kwa kupenya kwenye ufa wa miamba juu ya mlima.

Mwaka 1993 Karl Weick, msomi wa masuala ya taasisi, aliandika makala kuhusu kisa hiki ambayo sisi wa utawala tunaisoma mpaka leo. Kati ya mambo anayoyaonyesha ni kwamba wale vijana hawakumzoea Dodge. Hawakuwa wamefanya kazi pamoja kiasi cha kumjua. Amri yake ilikuwa sahihi, lakini kwa mtu asiyekujua, anayewasha moto mbele ya moto ni mwendawazimu.

Mjomba aliniomba nimsomee kisa kile mara mbili, kwa Kiswahili. Halafu akaweka simu mkekani akaenda pwani. Hakurudi kula mchana.

"Kakumbuka ule moto," bibi alisema.

Moto wenyewe nilikuwa naujua kwa kusimuliwa. Ulitokea misimu miwili ya kaskazi kabla ya hapo, mimi nikiwa chuoni na mjomba akiwa likizo. Jiko la kuni la nyumba moja upande wa juu lilishika kiambaza cha makuti, na paa likafuata. Watu walitoka na ndoo, wakapanga mstari kutoka kisimani, wakawa wanaimwagia maji nyumba inayowaka. Mjomba alifika amevaa kikoi na fulana. Akautazama upepo, akapiga kelele: "Hiyo iacheni, imeshakwenda! Ezueni ya pili!"

Nyumba ya pili haikuwa na moto. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alikuwa amesimama mlangoni ameshika mikeka aliyokuwa ameitoa ndani. Watu wakamtazama mjomba, wakamtazama yule mama. Kijana mmoja akasema, "Huyu wa mjini anataka tumvunjie mtu nyumba nzima." Mstari wa ndoo ukaendelea. Dakika chache baadaye cheche zikatua kwenye paa la pili, kisha la tatu. Ndipo mzee mmoja, nahodha aliyewafundisha bahari nusu ya vijana waliokuwa pale, alipotamka neno lile lile: ezueni. Vijana wakapanda paa la nne mara moja, wakalivua hadi zikabaki fito. Moto ukaishia hapo. Hakuna aliyekufa. Nyumba tatu ziliteketea, na mbili kati ya hizo zingeweza kupoteza paa tu.

Jioni mjomba aliporudi alizungumza mwenyewe, bila kuulizwa, ila hakuzungumzia Tongoni. Alizungumzia Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

"Umati kama ule," alisema, "utauambia ondokeni wewe ni nani? Sauti unayo. Kofia unayo. Wakikutazama wanaona mtu anayetaka kuwanyima."

Somo la nne lilieleza nusu ya jambo hilo. Lilimhusu Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye miaka ya 1980 aliwahoji makamanda wa zimamoto. Alitarajia wangemwambia jinsi wanavyolinganisha njia mbili au tatu kabla ya kuamua. Wengi walimwambia hawalinganishi. Wanauona moto, wanautambua kwa sababu wameshaona wa namna ile, na njia ya kwanza inayofaa ndiyo wanayoifuata. Mjomba alitikisa kichwa kukubali. Usiku ule hakupiga hesabu yoyote, aliona tu cheche zinakoelekea. Ila macho yake yalikuwa na miaka mingi ya kazi ndani yake, na waliokuwa na ndoo walikuwa na macho yao wenyewe. Katika kelele moja huwezi kumwazima mtu miaka.

Siku hizo nilikuwa nasoma habari za kale za pwani yetu ili kupumzika na tasnifu, na jioni moja maji yakiwa yamekupwa nikamsimulia mjomba kisa cha meli. Januari 1499 Vasco da Gama alikuwa akirudi kutoka India. Alibaki na meli tatu na mabaharia wachache, wengi wao wakiwa wameuawa na kiseyeye njiani. Watu hawakutosha kuendesha meli tatu. Basi akahamisha mizigo, na kwenye mafungu ya upande huu wa Mtangata, jina la zamani la huku kwetu, akaichoma São Rafael, meli ambayo mwaka uliotangulia ilikwama papo hapo. Imeandikwa kwamba watu wa Mtangata waliwaletea kuku wa kuuza na kubadilishana. Nilimwambia mjomba kwamba huu ni mfano mzuri wa kozi yake: kiongozi aliyekubali kupoteza chombo kimoja ili viwili vifike.

Mjomba aliyatazama maji kwa muda. "Meli ilikuwa chini ya amri yake," alisema. "Yule wa Montana alichoma nyasi za mlimani. Mimi nilitaka paa la mjane."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu madaraka na uhalali wake, na sikumbuki ukurasa uliolisema jambo hili wazi kiasi hicho. Visa vyote vya kozi vilimwonyesha kiongozi anayejua la kufanya na wafuasi wanaotakiwa kumwamini. Havikuuliza kinachoharibiwa ni mali ya nani, na nani atamrudishia. Pale Tongoni swali hilo ndilo lililomfunga mjomba mikono. Wale vijana wenye ndoo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba paa likishavuliwa, na moto usifike, yule mama atalala nje na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Nahodha alisikika kwa sababu angekuwepo kesho yake. Mjomba likizo ingekwisha.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kuandaa mpango wa dharura wa eneo unalolijua. Wengi wangechagua eneo la kituo chao. Mjomba alichagua Tongoni. Fomu ilianza na vifaa: idadi ya magari, idadi ya haidranti, uwezo wa pampu. Tukaandika sifuri, sifuri, sifuri. Ilifuata sehemu ya watumishi, vyeo na sifa zao. Hapo alikaa siku mbili.

Nilimkumbusha Bukoba. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, 19 walikufa, na kati ya waliowahi kuifikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, serikali ilielekeza aajiriwe katika Jeshi hili hili la zimamoto. Mahali pengi nchini jirani hufika kabla ya gari. Swali ni kama jirani huyo anajua afanye nini, na kama wenzake watamsikiliza.

Mjomba akaandika watu watano. Nahodha, kwa ajili ya vijana wa pwani. Mwalimu wa madrasa, kwa ajili ya watoto, wahesabiwe na kukaa mahali pamoja. Mama mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba, kwa ajili ya kina mama na mstari wa maji. Dereva wa bodaboda, apige 114 na kwenda kulipokea gari barabarani lisipotee njia. Muuza duka, kwa sababu ana tochi, kamba na panga. Kila mmoja na watu wake wasiozidi saba. Ilikuwa California ile ile ya 1970, kwa Kiswahili.

Sehemu iliyobaki ilikuwa paa. Alianza na nyumba ya mama yake, ambayo ni ya makuti na imebanana na jirani.

"Mama, moto ukishika kwa jirani na upepo ukawa wa kuja huku, nitaliezua paa lako. Waniruhusu?"

Bibi aliendelea kuchagua mchele. "Na ataliezeka nani?"

"Mimi."

"Wewe upo? Wewe ni mtu wa kuja na kuondoka."

Mjomba hakubisha. Kesho yake alfajiri alikwenda kwa nahodha, wakakaa mpaka jua likawa kali. Siku zilizofuata alikuwa pwani akisaidia kuvuta madau, na jioni alikuwa kwenye baraza za watu. Hakumtajia yeyote kozi wala Montana. Alikuwa na swali moja, na sasa lilikuwa na jibu lake: atakayeezuliwa kwa ajili ya wengine, kijiji kitamwezekea ndani ya siku saba. Kila nyumba ya mstari ule itoe makuti 30, yawekwe akiba mahali pamoja, mbali na majiko. Kina mama watashona, vijana wataezeka, nahodha atasimamia. Ahadi isiwe ya mtu wa likizo.

Nyumba za makuti kwenye mstari ule ni 11. Tisa zilikubali. Moja mwenyewe yuko dago, mkewe akasema atamngoja arudi. Moja ilikataa, na mwenyewe hakutoa sababu. Mjomba alimshukuru, akaandika kwenye mpango kwamba nyumba ile isiguswe bila idhini, na kwamba moto ukifika hapo mstari wa kuuzuia uanzie nyumba inayofuata. Nilimuuliza kama haogopi kwamba wasahihishaji wataona ni udhaifu. Akasema mpango unaosema uongo ndio dhaifu.

Mwisho alikwenda kwa yule mama mjane. Nyumba yake siku hizi ni ya bati, hana cha kuezuliwa. Nilikwenda naye. Mjomba alimweleza yote kama alivyowaeleza wengine, kuanzia mwanzo, naye akasikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Siku ile ungeniambia kwamba nitaezekewa," alisema, "ningepanda mwenyewe."

Kisha akasema atatoa makuti 30 kama wenzake.

Tulituma mpango usiku wa mwisho wa likizo, mtandao ukikatika na kurudi. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, mjomba akiwa ameshaanza zamu. Alifaulu. Msahihishaji alikuwa na swali moja pembeni ya jedwali la vifaa. Chini ya magari sifuri na haidranti sifuri, mjomba alikuwa ameandika makuti 300, na msahihishaji aliuliza majani makavu ya mnazi yanazimaje moto. Mjomba alinitumia swali lile kwenye simu, akaniomba nimsaidie kulijibu kwa Kiingereza. Bado ninaliandika.